Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Kambi za Waandishi

Kwa: Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi ya kambi ya waandishi
Nakala: Wasimamizi wote wa tuzo, ruzuku na warsha za uandishi Afrika Mashariki

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Wajumbe wa Bodi,

YAH: MASHARTI YANAYOWAFUNGIA MLANGO WAANDISHI WENYE WATOTO WACHANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mlinichagua kushiriki kambi yenu ya wiki tatu ya kuandika, mkanikatalia kuja na mtoto wangu anayenyonya. Kulalamika nilianza kwa mratibu wenu, kwa simu na kwa barua pepe. Akanijibu kwa adabu kwamba masharti ni masharti. Nikaandika kwa Mkurugenzi, sikujibiwa. Nikamwendea mjumbe mmoja wa Bodi ambaye namheshimu kwa kazi zake, naye akanishauri niandike rasmi, nikaandika rasmi. Ukimya ukaendelea hadi kambi ikafunguliwa, ikafungwa, picha zikasambazwa, na washiriki wakarudi makwao. Ndipo nikaamua kuandika mbele ya watu wote. Jina la taasisi yenu silitaji humu. Ninyi mnajijua, na masharti ninayoyalalamikia nimeyaona pia kwenye matangazo ya taasisi nyingine, kwa hiyo nisingependa wengine wasome barua hii wakidhani haiwahusu.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, naishi Tanga, nina watoto wawili. Binti yangu ameanza darasa la kwanza. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miezi saba mliponiandikia kwamba nimechaguliwa. Najikimu kwa kusahihisha maandishi ya watu: tasnifu, ripoti za mashirika, miswada ya vitabu vya kiada. Riwaya zangu naziandika baada ya hapo, kama kuna baada ya hapo.

Mswada niliowaombea nafasi unahusu wanawake wa mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, ukapandwa karibu na Pangani, na kwa miongo mingi mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe yakala nguvu za watu walioitwa manamba, waliohesabiwa siku zao za kazi kwenye kadi iliyoitwa kipande. Habari za wanaume wale zimeandikwa, ingawa si za kutosha. Habari za wanawake waliojifungulia kwenye makambi yale, wakalea na kuzika mle mle, bado ziko vinywani mwa mabibi wachache ambao sasa ni wazee sana. Nimekaa na baadhi yao. Kila ninapochelewa, yuko mmoja ambaye sitamkuta tena. Kwa hiyo mtu akiniambia, kama nilivyoambiwa na ofisi yenu, kwamba niwe na subira mtoto akue kisha niombe tena, ajue kwamba mimi naweza kusubiri lakini kazi yenyewe haiwezi.

Tena niseme wazi jambo ambalo wanawake wengi wenye kalamu hulisema kwa kunong'ona tu. Naipenda kazi hii kwa nguvu ileile ninayowapenda nayo watoto wangu, na mapenzi haya mawili yanagombania saa zilezile. Nikimnyonyesha mtoto, akili iko sura ya nne. Nikiwa sura ya nne, masikio yako chumbani kusikiliza anavyopumua. Kuna usiku nimeacha sentensi katikati kwa sababu amelia, na niliporudi sentensi ile haikuwepo tena, wala sikuweza kukumbuka ilikuwa inaelekea wapi. Kuna mchana binti yangu amenisemesha mara kwa mara sikumsikia, mpaka akanyamaza akaenda zake, na kule kunyamaza kwake kukaniuma kuliko kelele yoyote. Watu husema ndivyo maumbile yalivyo, mwanamke lazima achague. Nimelifikiria neno hili kwa muda mrefu na sikubaliani nalo. Sehemu ya mvutano huu ni yangu, nitaubeba mwenyewe bila kumlaumu mtu. Lakini sehemu nyingine imeandikwa na watu, kwa kompyuta, ikapigwa mhuri, na iko kwenye fomu zenu za maombi. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sharti la "wategemezi".

Barua yenu ya uteuzi ilisema mshiriki haruhusiwi kuja na mtegemezi yeyote kwa wiki zote tatu za kambi. Nilieleza kwamba mtoto ananyonya. Sikuomba kitanda cha ziada wala sahani ya ziada. Niliomba mdogo wangu aje nami, akodi chumba kwenye nyumba ya wageni ya jirani kwa fedha zangu, akae na mtoto, nami nitoke kwenda kumnyonyesha wakati wa mapumziko na kulala naye usiku. Mkakataa. Sababu mliyotoa ni kwamba mkiniruhusu mimi, kila mtu atataka.

Sijui kama mnafahamu wiki tatu ni nini kwa mama anayenyonyesha. Siku ya kwanza matiti yanajaa na kuuma. Ya pili yanakuwa magumu kama mawe, unaweza kupata homa. Ukiendelea bila kunyonyesha wala kukamua, maziwa yanapungua mpaka yanakauka, na mtoto uliyemwacha akinyonya unamkuta amesahau titi au amelikataa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kurani nayo, katika Suratul Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kukamilisha kunyonyesha. Kliniki wananiambia hivyo, msikitini wananiambia hivyo, mama yangu mzazi ananiambia hivyo. Ni kambi ya fasihi peke yake iliyoniambia niache.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Najua ninyi si waajiri wangu. Mwandishi hana mwajiri, na ndiyo maana hana likizo ya uzazi, hana saa mbili, hana hata ofisi ya kulalamikia. Lakini sheria ile inaonyesha nchi hii ilishakubaliana nini kuhusu mama anayefanya kazi. Kiwanda kinabanwa na kiwango hicho. Inasikitisha kwamba taasisi inayojiita mlezi wa waandishi inakaa chini ya kiwango cha kiwanda, kwa sababu tu sheria haikuitaja.

2. Maswali ya usaili.

Katika usaili kwa njia ya video niliulizwa kama mume wangu ameridhia, na mtoto nitamwacha na nani. Nilijibu, kwa sababu nilitaka nafasi. Baadaye nilizungumza na mwandishi mwenzangu wa kiume aliyechaguliwa msimu uleule. Mke wake alikuwa amejifungua majuzi tu, mtoto hajafika hata arobaini. Nikamuuliza kama naye aliulizwa mtoto ataachwa na nani. Akashangaa. Yeye aliulizwa juu ya muundo wa riwaya yake, juu ya msimulizi, juu ya vitabu vilivyomkuza. Dakika walizotumia kunihoji juu ya ndoa yangu, yeye alizitumia kuzungumza fasihi.

Simlaumu huyo ndugu. Ni mwandishi mzuri, alistahili nafasi yake, na yeye ndiye aliyenitia moyo niandike barua hii. Ninachotaka muone ni kwamba mlikuwa na wazazi wawili wa watoto wachanga mbele yenu, na mmoja tu ndiye mliyemwona kuwa mzazi.

3. Ukomo wa umri.

Hili nalipitia haraka kwa kuwa linajieleza. Ruzuku nyingi za waandishi wanaochipukia hufungwa kwenye miaka 35, kwa kufuata tafsiri ya kijana iliyomo kwenye sera na sheria zetu. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inahesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, na Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaja kijana kuwa aliyefikia 18 lakini hajafikia 35. Kwa mikopo ya biashara huenda tafsiri hiyo inafaa. Kwa uandishi, miaka hiyo ndiyo hasa ambayo wengi wetu tunazaa na kulea. Mwanamke anatoka kwenye nepi na homa za usiku, anapata nafasi ya kukaa mezani akiwa na miaka 37, ana mambo mengi ya kusema kuliko aliyokuwa nayo maisha yake yote, na anakuta tangazo linasema muda wake umepita. Hesabuni uchanga wa mwandishi kwa vitabu alivyochapisha. Umri wake hauwahusu.

4. Nafasi isiyoahirishwa.

Mlipokataa mtoto aje, niliomba jambo dogo zaidi: nafasi yangu isogezwe msimu mmoja mbele, wakati mtoto atakuwa ameanza kula vizuri na anaweza kubaki na bibi yake. Nikajibiwa kwamba nafasi haihamishiki, na jina langu likaondolewa. Masomo ya chuo yanaahirishwa. Mkataba wa ujenzi unaongezewa muda mvua ikizidi. Mwaka 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2, Serikali iliwafungulia wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, mlango wa kurudi darasani baada ya kujifungua. Lilikuwa jambo lililobishaniwa kwa miaka, na hatimaye nchi ikaona kwamba mtoto kuzaliwa hakufuti akili ya mama yake. Kama msichana wa kidato cha pili anasubiriwa na dawati lake, mimi mwandishi mzima mliyemchagua wenyewe, baada ya kusoma kurasa zangu na kusema ni nzuri, nashindwaje kusubiriwa msimu mmoja?

5. Fedha, na swali la dada.

Mwongozo wenu wa malipo unarejesha nauli ya basi, teksi, vifaa vya kuandikia, hata vocha za intaneti, mradi kuna stakabadhi. Gharama ya malezi haimo. Nilipouliza, nikaambiwa hiyo ni gharama binafsi. Nauli yangu ni ya kazi, lakini fedha ya mtu atakayekaa na mwanangu ili mimi nifike kazini ni ya anasa zangu.

Na hapa kila mtu huniuliza swali moja, wajumbe wenu wakiwemo: "Kwani huna dada?" Ninaye. Nataka kusema jambo kumhusu, kwa sababu katika mijadala yote ya wanawake na kazi za ubunifu niliyowahi kuhudhuria, yeye hatajwi.

Dada wetu wa kazi alikuja kwetu kutoka vijijini Lushoto baada ya kumaliza kidato cha nne. Kila ukurasa nilioandika tangu mtoto wa pili azaliwe, yeye alikuwa chumba cha pili, amembeba au anafua. Tunazungumza juu ya uhuru wa mwanamke kuandika, na uhuru huo nyumba nyingi za mijini unanunuliwa kwa saa za binti mwingine anayelipwa kidogo, ambaye naye pengine ana hadithi zake, na kwa hakika anao mama aliyemwacha nyumbani akimhitaji. Ananisimulia mambo ya milimani kwao jioni tukimenya viazi, na nimemwambia ayaandike. Anacheka, anasema ataandika saa ngapi. Mimi ndiye niliyemshika saa zake. Mnaponiambia nimtumie dada, mnaniambia nimhamishie mzigo mliokataa kuubeba ninyi wenye bajeti na wafadhili. Nataka kumlipa vizuri zaidi, nataka siku zake za mapumziko ziwe za kweli, na nataka ajira yake itambuliwe katika mahesabu ya kazi yangu kama teksi inavyotambuliwa. Malezi yakiingia kwenye bajeti zenu, wanawake wawili watanufaika kwa mstari mmoja.

Sasa niyajibu mapema yale ninayojua mtayasema, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa.

Mtasema fedha hazitoshi. Nakubali kwamba sanaa zetu ni maskini. Lakini kumruhusu mama akae jirani na mtoto wake kwa gharama zake hakuwagharimu shilingi. Kuahirisha nafasi hakuwagharimu shilingi. Kuacha kuuliza habari za mume wangu hakuwagharimu shilingi. Mambo makuu niliyoyaomba hayakuhitaji mfadhili, yalihitaji mtu wa kuamua.

Mtasema mwandishi anahitaji utulivu, na mtoto atawasumbua wengine. Hoja hii ina uzito, na nisingependa mwanangu amkatize mtu aliyeacha mambo yake ili apate kimya. Ndiyo maana niliomba akae nje ya eneo la kambi. Ila nimegundua kwamba mara nyingi utulivu si hoja yenyewe, ni namna ya kusema mtoto hana mahali pake penye kazi za heshima. Agosti 2019, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa la Kenya na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu hakuwa na pa kumwacha, akaamriwa kutoka. Mwezi huohuo, Spika wa Bunge la New Zealand, Trevor Mallard, alipigwa picha akiwa kwenye kiti chake cha uspika, anaongoza kikao huku anamnywesha maziwa mtoto wa mbunge. Mabunge mawili, mwezi mmoja, na sijasikia kwamba sheria za New Zealand zilizotungwa siku ile zilikuwa mbovu.

Mtasema wengine waliweza. Hoja hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mnaitoa kwa kuwataja wanawake ninaowapenda. Mara nyingi nimetajiwa Buchi Emecheta, Mnigeria aliyelea watoto watano jijini London peke yake, akafanya kazi, akasoma shahada, akaandika riwaya alfajiri kabla hawajaamka. Ni kweli aliweza. Ni kweli pia kwamba mume wake aliuchoma moto mswada wake, akalazimika kuuandika upya baada ya miaka. Mnamtaja kama ushahidi kwamba inawezekana. Mimi nikimsoma naona alivyotozwa, na najiuliza ni wangapi walitozwa hivyo hivyo, wakashindwa kulipa, tukawa hatuna majina yao. Hata hivyo huyohuyo Emecheta, kwenye tabaruku ya kitabu chake cha mwaka 1974, aliwashukuru watoto wake kwa kelele zao tamu ambazo bila hizo kitabu kile kisingeandikwa. Hakuwaona kuwa maadui wa kalamu yake. Aliyemchomea hakuwa mtoto.

Na kwetu hapa pwani, hatuna haja ya kwenda mbali. Utenzi unaojulikana kuliko wote uliotungwa na mwanamke kwa Kiswahili ni wa Mwana Kupona binti Msham, wa visiwa vya Lamu, alioutunga mnamo mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, naye akautunga kwa ajili ya binti yake. Mnaweza kukubaliana na mafunzo yake au msikubaliane. Mimi mwenyewe nina ugomvi naye wa muda mrefu juu ya mambo ya mume na mke. Lakini mtoto wake ndiye sababu ya shairi. Ukimwondoa yule binti kwa kumwita mtegemezi, shairi halipo, na fasihi yetu imepungukiwa na mmoja wa mihimili yake. Tunafundisha utenzi ule vyuoni, tunauandikia tasnifu (nyingine nimezisahihisha mimi), kisha tunamwambia mama wa leo aje kambini akiwa kama hajazaa.

Mtasema, mwisho, kwamba hakuna mfano wa kuiga. Ipo mifano. Ruzuku ya Miles Morland Foundation kwa waandishi wa Afrika, iliyoanza mwaka 2013, iliweka pauni 18,000 kwa mwaka kwa mwandishi wa riwaya, zikilipwa kila mwezi, naye akibaki nyumbani kwake. Sharti lilikuwa apeleke angalau maneno 10,000 kila mwezi. Hakuna aliyeulizwa anaandikia wapi wala nani amelala chumba cha pili. Marekani ilikuwepo Sustainable Arts Foundation, iliyotoa ruzuku mahsusi kwa wasanii na waandishi wenye watoto. Kampala, tangu miaka ya 1990, wanawake wa FEMRITE wamejenga chama chao cha waandishi bila kusubiri mtu awafungulie mlango. Na hapa nyumbani, Desemba 2021 Serikali ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile inayofahamika kama PJT-MMMAM, ikitaka kila sekta iuone ulezi wa mtoto mdogo kuwa ni kazi yake. Sanaa ni sekta. Sijaona bado taasisi ya fasihi iliyolichukulia neno hilo kwa uzito.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo.

(a) Sharti la wategemezi lirekebishwe, mama wa mtoto anayenyonya aruhusiwe kuja na mtoto pamoja na mlezi, ndani ya kambi au jirani nayo, kwa utaratibu utakaolinda utulivu wa wengine.

(b) Atakayechaguliwa na kushindwa kuhudhuria kwa sababu ya ujauzito, uzazi au kunyonyesha, nafasi yake ihifadhiwe kwa msimu mmoja au miwili. Baba anayelea peke yake apewe haki hiyohiyo.

(c) Maswali ya ndoa, mume, mimba na watoto yaondolewe kwenye fomu na kwenye usaili. Mwombaji aelezwe baada ya kuchaguliwa kwamba anaweza kutaja mahitaji yake.

(d) Gharama ya malezi iingizwe kwenye mwongozo wa malipo, kwa stakabadhi kama gharama nyingine, ikiwa ni pamoja na ujira wa mfanyakazi wa nyumbani.

(e) Sehemu ya nafasi za kila msimu, hata kama ni mbili tu kwa kuanzia, igeuzwe kuwa ruzuku ya kuandikia nyumbani. Mwandishi apewe mhariri wa kumsimamia kwa mbali, apewe fedha za kununua muda, na adaiwe kurasa.

(f) Ukomo wa miaka 35 ufutwe.

Hili la mwisho linawahusu pia wasimamizi wa tuzo na ruzuku nyingine waliopewa nakala. Mengine ni ya Bodi yenu, na naomba yajibiwe kwa maandishi kabla hamjafungua tena dirisha la maombi, ili mwanamke mwingine asijaze fomu usiku mtoto akiwa mapajani, akachaguliwa, akashangilia, kisha akaambiwa nilichoambiwa mimi.

Sidai kurudishiwa nafasi ya msimu uliopita. Alikwenda mtu mwingine, nimefurahi alikwenda, na nimesikia ameandika vizuri. Msimu ujao nitaomba tena. Nitajaza fomu ileile, na pale penye kipengele cha wategemezi nitaandika ukweli.

Kama Bodi itaona vyema tuzungumze ana kwa ana, niko tayari kuja siku yoyote mtakayopanga. Nitakuja na mtoto, naomba muandae kiti cha mdogo wangu atakayenisaidia.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi wa riwaya, mama wa watoto wawili
Tanga